Bi Mkosha na Beseni Lake la Nyungunyungu

Hapa Chokocho, Pemba, hakuna mwanamke aliyewahi kuniita mjinga usoni ila mmoja, na huyo alifanya hivyo huku anakuna nazi, bila ya kuinua kichwa. Nilikuwa nimerudi karibuni. Nilikuwa na stashahada yangu ya kilimo, nimeitia fremu, na nyumba ya matofali yenye madirisha ya alumini niliyoijenga kwa jasho langu mwenyewe, bila ya mume wala mjomba wa kunishika mkono. Nilisimama uani kwake nikimweleza kwamba taka za jikoni si za kutupwa jaani, kwamba ndani yake mna chakula cha udongo.

"Umesoma miaka mingapi hayo?" akaniuliza.

"Mitatu, Bi. Mchana nafanya kazi hotelini Dar es Salaam, jioni naingia darasani."

"Mjinga we. Ungekuja ukaniuliza mie."

Nilicheka, maana mtu aliyefika nilikofika mimi hatetereki kwa neno moja. Lakini nililibeba neno lile hadi nyumbani.

Tulimwita Bi Mkosha kwa sababu ya kazi yake. Akifa mwanamke katika kiambo chetu, na viambo viwili vitatu vya jirani, yeye ndiye aliyeitwa kumkosha kabla ya sanda. Jina lake nalijua, na wengi wanalijua, ila sikumbuki kulisikia likitajwa isipokuwa siku moja hospitali ya Mkoani, muuguzi aliposoma kadi, na yeye mwenyewe akachelewa kuitika.

Alikuwa na mkoba wa kitambaa kizito, umetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango. Ndani yake mlikuwa na vitambaa vyeupe vya kukoshea, kafuri iliyofungwa kwenye karatasi, na majani makavu ya mkunazi ndani ya kopo. Mjumbe akija kumwita hakuuliza habari nyingi. Aliuliza jambo moja tu, "Mrefu au mfupi?", akauchukua mkoba, akatoka. Alifika kwenye nyumba ya msiba kabla hata ndugu hawajamaliza kupigiana simu.

Waliokufa hakuwasema. Wanawake wetu, nawajua, walimzunguka kwa maneno ya pembeni. Bi fulani alikuwaje? Alikuwa na kovu kweli pale wanaposema? Alitabasamu? Yeye alijibu, "Nilimkosha, basi." Ukimwuliza mara ya pili alikutazama mpaka ukakumbuka una kitu jikoni kinaungua. Ila habari za walio hai alizijua zote, na alizigawa bila ya choyo. Nani kaposwa, nani kakataliwa, nani kavunja sahani ya mkwewe akaifukia. Nilipomwambia kwamba mtu mwenye siri za maiti hapaswi kuwa na mdomo kama ule, alinijibu, "Walio hai wana mdomo wa kujitetea."

Mwanamke huyo, aliyeingia peke yake chumba chenye maiti na kukifunga mlango, alimwogopa mende. Nilimwona kwa macho yangu amepanda juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, kanga ameikusanya magotini, ananiita kwa sauti ya mtu anayevamiwa. Mende nikamuua kwa kiatu. Aliposhuka alisema, "Yule ana miguu mingi." Basi ungemwonesha nyungunyungu asiye na mguu hata mmoja, angemchukua kiganjani kama mtu anayeshika tasbihi.

Habari ya nyungunyungu niliileta mimi. Hili naliandika mapema kwa sababu siku hizi kuna watu wanaosema alianza yeye. Nilichukua ndoo mbili za rangi, nikazitoboa chini na ubavuni, nikaziweka moja ndani ya nyingine. Nikaenda kwenye banda la ng'ombe, nikafukua samadi ya zamani nikawapata wale wembamba wekundu, maana wale wakubwa wa kijivu wa shambani hawakai ndani ya ndoo. Nikawatandikia karatasi za maboksi zilizolowa, nikawapa maganda. Yote hayo nilifundishwa darasani, na katika darasa lile la watu arubaini nilikuwa wa tatu.

Bi Mkosha alikuja akatazama. Siku ya pili alikuja na kifuu cha nazi, akateka wadudu wangu bila ya kuomba ruhusa, akaondoka nao. Baada ya miezi mitatu beseni lake lilikuwa limejaa na ndoo zangu zinanuka.

"Wako wanazama," aliniambia. "Wewe unawapa maji kama unamwagilia mpunga."

"Kitabu kinasema wawe na unyevu."

"Unyevu gani?"

Akatia mkono ndani ya ndoo yangu, akakamata fumba la karatasi zile, akaminya. Maji yakatiririka mpaka kiwikoni. Akanipeleka kwake, akaminya la kwake. Likatoka tone moja, likaning'inia kwenye kidole, halikuanguka.

"Kitambaa kilichokwisha kukamuliwa," akasema. "Hivyo tu. Mie nimekamua vitambaa maisha yangu yote, nnajua kikamuliwe vipi kisimdondokee mtu."

Hapo nilielewa kwa nini alinishinda, na nikakubali. Mtu mwenye elimu hana hofu ya kujifunza kitu kidogo cha ziada.

Beseni lake lilikuwa la plastiki, jekundu, lililopasuka mdomo. Aliliweka juu ya meza fupi pembeni mwa ukumbi wa nyuma, na kila mguu wa meza aliusimamisha ndani ya kopo la maji ili sisimizi wasipande. Juu alifunika gunia. Aliwapa maganda ya ndizi na ya muhogo, majani ya chai, maboga yaliyooza, maganda ya mayai aliyoyatwanga mpaka yakawa unga. Ndimu hakuwapa, wala pilipili, wala samaki, wala kitu kilichopikwa kwa chumvi. Machicha ya nazi aliwapa kwa kidole, akisema yakizidi yanapata joto. Akishafunika gunia alisema, "Haya kuleni, na musigombane."

Mbolea ilipoiva, nyeusi, haina harufu ila ya udongo baada ya mvua, alikuwa bahili nayo kupita kiasi. Alitaka kwanza aone ua wako. Ukiwa hukufagia hukupata. Mke wa imamu alirudishwa na ndoo tupu kwa sababu ya majani ya mwembe. Tungule zake, nyanya alizozikuza kwa mbolea hiyo, lakini, alizigawa kwa nyumba zote, zilizofagiwa na zisizofagiwa.

Na kazi zake mbili hakuzichanganya. Alikuwa na ndoo nyeupe ya msibani, haikugusa taka hata siku moja. Siku aliyokosha maiti hakulifunua beseni. Alirudi, akaoga, akabadilisha nguo, akakaa kimya mpaka Magharibi. "Leo nimekosha," alisema. "Wadudu wangoje kesho." Nayataja haya kwa sababu ya yaliyokuja baadaye, ili anayesoma ajue kwamba lile alilosingiziwa ndilo alilojilinda nalo kuliko mtu yeyote.

Ulikuwa msimu wa karafuu. Yeye alikwenda Mkoani kumtazama dada yake mgonjwa, siku tatu, akaniachia ufunguo na beseni. Maagizo yake yalikuwa mafupi. "Ukiona pamekauka nyunyiza. Usitie kitu."

Siku ya pili nilifunua gunia nikaona pamelowa kidogo. Darasani tulifundishwa kwamba pakilowa uongeze kitu kikavu, majani au vijiti vilivyokatwakatwa. Kwetu jamvini kulikuwa na makonyo, vile vikonyo vinavyobaki ukishazichambua karafuu, makavu, mepesi, yanavunjika kwa kidole. Sikuona kitu kizuri kuliko hicho. Nilitia makonyo vibaba viwili, nikayachanganya vizuri kwa mkono, nikafunika. Hata nikajipongeza.

Mtoto yeyote wa Pemba anajua ukali wa konyo la karafuu. Tunalitafuna jino likiuma, ulimi ukafa ganzi. Mimi nimezaliwa ndani ya harufu ile, na siku ile sikufikiri kiumbe asiye na ngozi ya kumkinga ataisikiaje. Walimu wangu walikuwa wa bara, karafuu hawakuitaja.

Asubuhi ya siku ya tatu Bi Mkosha alirudi na gari ya kwanza. Nilimwona anapita, nikatoka kumpa ufunguo. Tulipofika mlangoni kwake tulimkuta Bi Mize, jirani wa upande wa msikitini, yuko na wifi zake wawili. Mama mkwe wake alikuwa amefariki alfajiri.

"Shikamoo, Bi. Tumekuja kukuchukua," alisema Bi Mize, macho mekundu.

"Marahaba, mwanangu. Poleni. Mrefu au mfupi?"

Nikafungua mlango.

Nyungunyungu walikuwa wametoka wote. Walikuwa sakafuni, ukutani, kizingitini, mamia, wekundu, wengine wamekauka na wengine bado wanajikokota. Waliokuja mbele zaidi walikuwa wameupanda mlango kwa ndani. Mmoja alikuwa juu ya mkoba wa kitambaa, pale kwenye msumari, anatambaa taratibu kuelekea mdomo wa mkoba.

Hakuna aliyepiga kelele. Wifi mmoja alirudi nyuma hatua tatu. Bi Mize aliutazama mkoba, akamtazama Bi Mkosha, akasema, "Basi Bi, usisumbuke. Tutatafuta mwengine."

"Mize, hawa ni wa maganda tu."

"Tutatafuta mwengine."

Na mimi nilikuwepo. Nilisimama na ufunguo mkononi. Harufu ya karafuu ilinipiga puani na papo hapo nikajua nimefanya nini. Ningesema neno moja, ni mimi, nimewatilia makonyo, wamekimbia ukali. Sikusema. Nilitazama fremu ya mlango. Mtu mwenye stashahada ya kilimo kuwaua wadudu wa jirani yake kwa kitu ambacho kila mtu hapa anakijua, niliona nitachekwa kuanzia Chokocho hadi Tumbe, kisiwa kizima. Nina mengi ya kujivunia katika maisha yangu na sina haya kuyataja. Kimya kile hakimo.

Walipoondoka Bi Mkosha alichukua ufagio wa chelewa, akaanza kuwakusanya. Alichimba beseni, akatoa konyo moja, akalinusa, akaliweka juu ya meza mbele yangu. Tangu siku hiyo hakuniruhusu kulifunua beseni lake.

Maneno yalienea haraka. Kwamba Bi Mkosha anafuga minyoo ya makaburini. Kwamba anatia ndani ya beseni maji aliyokoshea maiti. Kwamba mkoba wake umejaa minyoo hiyo. Bi Mize, namtetea hapa, hakuyasema hayo. Yeye alisema alichokiona, na alichokiona kilitosha.

Akafa mwanamke wa kiambo cha pili, wakamwita mkosha kutoka Mkoani. Akafa mwengine, wakamwita yule yule. Miezi ikapita. Yeye hakulalamika, na hakuwatupa wadudu, ingawa mtoto wa dada yake alikuja kumshauri awatupe ili watu wamsamehe. "Wanisamehe nini?" alimwuliza. Aliwalisha wale wachache waliobaki mpaka wakajaa tena.

Kitu kimoja kilinitoa roho. Kila Ijumaa asubuhi alivitoa vitambaa vile vyeupe kwenye mkoba, safi, havijatumika, akavifua, akavianika kwenye kamba, vikikauka akavikunja akavirudisha. Nilikuwa namwona kutoka dirishani kwangu. Ijumaa ya kwanza, ya pili, ya tano. Nilikwenda siku moja nikamwambia, kama mtu anayezungumza habari ya hewa, "Bi, wenzetu wengi sasa wanataka kufuga nyungunyungu. Nitawafundisha, wataona hawana ubaya."

"Mie sikutaka watu wapende minyoo," akasema. "Nataka niitwe."

Nilikwenda nyumbani nikalala vibaya, na mimi si mtu wa kulala vibaya.

Ikaja harusi. Siku ya kumenya, wanawake tulijaa ua mzima, magunia ya mbatata na vitunguu mbele yetu, visu mkononi. Bi Mkosha hakuja. Zamani hakukosa harusi, maana hapo ndipo alipopata habari zake. Bi Mize alikuwepo, amekaa karibu na sufuria kubwa. Maganda yalikuwa yanapanda mbele yetu mpaka magotini.

Nilisimama. Nimeshazungumza mbele ya maofisa wa wilaya, sina woga wa watu. Hata hivyo nilikohoa mara mbili.

"Wale wadudu wa Bi Mkosha niliwatoa mimi," nikasema. "Nilitia makonyo ya karafuu ndani ya beseni lake, yeye hayupo. Walikimbia ukali. Kaburi halimo wala maji ya maiti hayamo."

Bibi mmoja wa upande wa jikoni akauliza, "Ulitia makonyo?"

"Ndiyo, Bi."

"Ya karafuu hizi hizi?"

"Ndiyo."

"Na ile karatasi yako ya ukutani inasemaje?"

Wakacheka. Walicheka mpaka mmoja akajikata kidole. "Mwacheni," alisema mwengine, "kasoma Dar es Salaam, huko konyo hawalijui." Nilisubiri wamalize. Nilikuwa nimejitayarisha. Niliagiza ndoo yangu ije, nikaiweka katikati, nikawaonesha wadudu wametulia chini ya maganda. Kisha nikatupa kiganja cha makonyo upande mmoja. Haikuchukua muda. Walianza kuhama, wakapanda ukuta wa ndoo, wakafika mdomoni. Wanawake waliinama wote kutazama, visu vimening'inia. Hakuna mwalimu aliyenifundisha somo lile, na nathubutu kusema hakuna darasa lililowahi kusikilizwa hivyo katika kijiji chetu.

Bi Mize alitazama pamoja na wengine. Kisha akarudi kwenye mbatata zake.

Jioni ile maganda yote ya harusi yalichukuliwa, ndoo kwa ndoo, na mwezi uliofuata nyumba sita zilikuwa na wadudu. Walikwenda kwa Bi Mkosha kuomba mbegu, naye akawapa, baada ya kukagua nyua zao. Walimwuliza unyevu uweje, akawaminyia. Lakini msibani hawakumwita. Kuchukua mbolea kwa mtu ni jambo jepesi. Kumpa mtu mama yako amvue nguo mara ya mwisho ni jambo lingine kabisa, na hapo maelezo yangu, pamoja na uzuri wake wote, hayakufika.

Aliniruhusu kulifunua beseni tena. Nilimwuliza kama amenisamehe. "Ulichelewa," akasema, "lakini ulisema mbele ya watu. Lete hayo maganda ya mbatata."

Mwaka huu, kabla ya masika, nilikuwa kwake tunavuna mbolea. Tulimwaga beseni juu ya jamvi la plastiki, tukaifanya mbolea vilima vidogo vidogo ili wadudu wakimbilie chini kuepuka mwanga, tukawa tunaivua kutoka juu. Alikuwa amezama mpaka kwenye viwiko. Alikuwa ananipa habari ya posa moja ambayo siwezi kuiandika hapa.

Kivuli kikaanguka juu ya jamvi. Alikuwa Bi Mize, peke yake, kanga ameivuta mpaka kwenye nyusi.

"Assalaam alaykum."

"Wa alaykumu salaam, Mize. Karibu."

Bi Mize alitazama vilima vile, akawatazama nyungunyungu wanaojificha, akaitazama mikono ya Bi Mkosha, myeusi, na mdudu mmoja amezunguka kwenye kidole chake kama pete. Mimi nilitaka kutupia gunia juu ya vyote. Bi Mkosha hakuificha mikono wala hakuipangusa. Aliiacha wazi mbele yake.

"Mama amefariki," alisema Bi Mize. "Mama yangu mimi."

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun."

"Aliniusia. Alisema akoshwe na wewe."

"Yeye kasema. Na wewe?"

Bi Mize alilishika pindo la kanga yake. Kuku alipita nyuma yetu. Sikuthubutu hata kumfukuza.

"Nimekuja mwenyewe, Bi," akasema. "Sikutuma mtu."

Bi Mkosha alimtoa mdudu kidoleni kwa taratibu, akamlaza kwenye kilima. Akanyanyuka, magoti yakalia. "Chukua kata pale kwenye mtungi," alimwambia Bi Mize. "Nimwagie."

Bi Mize akachukua kata, akamwaga. Maji yakatoka meusi. Bi Mkosha akasugua kwa sabuni, kucha kwa kucha, kidole kwa kidole, mpaka kwenye viwiko. "Ongeza." Maji yakatoka ya kahawia. "Ongeza." Yakatoka meupe. Bado alikuwa anainyoosha mikono mbele yake, ameigeuza viganja juu.

"Ongeza."

"Imetakata, Bi," alisema Bi Mize.

"Imetakata?"

"Imetakata."

"Haya. Umesema wewe, si mie." Akaifuta kwa kanga safi, akaingia ndani, akatoka na mkoba. "Mama yako ni mrefu. Ntataka maji zaidi ya ndoo tatu."

Walitoka pamoja kupitia njia ya msikitini, Bi Mize mbele, yeye nyuma, na baada ya hatua chache Bi Mize alipunguza mwendo ili waende sambamba. Mimi nilibaki uani. Niliwarudisha nyungunyungu kwenye beseni, nikawatandikia, nikaminya fumba moja kupima unyevu, nikafunika gunia. Sikutia kitu.